Maparachichi ya Kona ya Nyuma

Sajenti Gaudensia Bura aliminya parachichi la kwanza kwa kidole gumba, likabonyea. Akaminya la pili, likabonyea. La tatu lilimpasukia kiganjani, uji wa kijani ukamtiririka mpaka kwenye mkono wa sweta ya kazi, naye akatoa tusi la Kiiraqw ambalo marehemu mama yake angelisikia angemtia kofi, hata akiwa na miaka yake hii hamsini na tatu.

"Afande, unajisumbua bure," alisema mwanaume aliyesimama mlangoni. "Yameharibika. Mnunuzi ameona, kijiji kizima kimeona, hata mbuzi wameona. Kilichobaki ni wewe kuandika."

Huyo alikuwa Mzee Baltazar, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi wa kijiji hiki cha juu ya Maretadu. Mzee wa kanisa, koti safi, fimbo ya mzeituni mkononi. Tangu Gaudensia ashuke kwenye pikipiki asubuhi hiyo ya Jumamosi, Baltazar alikuwa hajamwacha apumue.

"Kuandika nitaandika, Mzee. Ila hapo uliposimama unaniziba mwanga."

Baltazar akasogea, hatua moja tu.

Ghala lenyewe lilikuwa chumba cha nguzo za miti, na kila ukuta ulikuwa waya wa kuku mara mbili, katikati ya waya pamejazwa mkaa. Mkaa ule ukimwagiwa maji asubuhi, mchana na jioni, upepo wa Mbulu unapita kwenye mkaa uliolowa, na ndani panakuwa na baridi ya kukufanya uombe blanketi. Parachichi likichumwa gumu, humo linakaa gumu siku kumi, hata kumi na mbili. Na mnunuzi wa nje anataka hilo gumu. Laini hata kulishika hataki.

Jumatatu kreti mia mbili na arobaini ziliingia humu zikiwa mawe matupu. Ijumaa saa nne lori likafika, mnunuzi akaminya kama Gaudensia alivyokuwa akiminya sasa, akapanda lori lake, akaondoka. Mazao ya kaya thelathini na moja yakabaki hapo. Watu kugeuka, wakaona kuta kavu, simtanki tupu, na mtunza ghala hayupo. Kornelia aliporudi saa saba na bodaboda kutoka Dongobesh, walimpokea kwa maparachichi yale yale. Walimrushia mpaka akaanguka. Sasa alikuwa kwenye benchi la kituo kidogo cha polisi, na hakuwa amefungwa, ila hapakuwa na mahali pengine ambapo angelala salama.

Na kibaya zaidi kilikuwa kinakuja. Kesho baada ya misa kikundi kingekutana hapa hapa ghalani kumtenga. Mtu wa mjini anaweza kucheka akisikia hivyo. Huku hakuna anayecheka. Ukitengwa, hakuna anayekuitikia salamu. Hakuna wa kukupa kaa la moto, hakuna wa kuja kukulimia, ng'ombe wako hachungwi na ng'ombe wa wenzako. Ukiugua, hakuna mabega ya kukubeba mpaka kwenye basi la kwenda hospitali ya Haydom. Kornelia alikuwa mjane asiye na mtoto. Kwake hiyo ilikuwa hukumu ya kifo, tofauti ni kwamba inachukua muda.

"Kreti hizi zimehamishwa tangu jana?" Gaudensia aliuliza.

"Hakuna aliyegusa. Nani ana hamu?"

Akatoa chaki mfukoni. Alianzia mlangoni, akatoa parachichi moja kwenye kila rundo, akaminya, akaandika alama kwenye kreti: msalaba kwa lililooza, mstari kwa lenye nguvu kidogo, duara kwa gumu. Ilimchukua nusu saa. Alipomaliza alirudi mlangoni, akasimama akatazama alama zake kama mtu anayetazama ramani.

Mlangoni kulikuwa na maduara. Katikati, mistari. Kadiri unavyokwenda nyuma, ndivyo misalaba ilivyozidi, na kona ya nyuma upande wa mashariki ilikuwa misalaba mitupu, na harufu yake ilikuwa ya kukukaba koo.

"Mzee, jua la mchana linapiga ukuta upi?"

"Ule wa magharibi. Ndiyo maana tulimwambia Kornelia, ule usiuache hata siku moja. Akauacha."

"Basi mbona maparachichi yaliyoegemea ukuta wa magharibi yana nguvu bado, na yaliyooza kabisa ni ya kona ile, penye kivuli cha mti wa mgrivea?"

"Afande, mimi si daktari wa matunda."

"Hata mimi."

Akaenda kwenye ukuta wa magharibi. Mkaa wa nje ulikuwa mkavu, ukiugusa unakuachia vumbi. Gaudensia akachomoa kisu, akapenyeza kwenye tundu la waya, akachimba mpaka kisu kikazama chote. Akatoa kipande cha ndani, akakiweka kwenye kiganja cha Mzee Baltazar na kumfumba vidole kwa mkono wake mwenyewe.

"Kikoje?"

Baltazar alifungua mkono. Maji meusi yalikuwa yamemchafua.

"Kimelowa," alisema.

"Kwenye maelezo yako ya jana umesema ukuta huu haujapata tone la maji tangu Jumatatu. Siku tano za jua na upepo huu. Mkaa wa ndani ungekuwa unga."

"Labda umande."

"Umande gani huo unaoruka mkaa wa nje ukalowesha wa ndani? Una miguu?"

Baltazar aliinama. Alijipangusa mkono kwenye nyasi, si kwenye koti.

Gaudensia akazunguka nyuma kwenye simtanki. Lilikuwa tupu kweli, ukiligonga linalia kama ngoma. Lakini chini ya koki ardhi ilikuwa imechimbika, na mfereji mpya, upana wa kiganja, ulishuka mteremko hatua ishirini mpaka njiani. Mwisho wake palikuwa na tope, na kwenye tope kwato za ng'ombe.

"Mvua ilinyesha lini huku?"

"Wiki ya tatu sasa hatujaiona."

"Basi maji haya yametoka humu. Kuna mtu alifungua koki akaacha lita elfu mbili zikaenda zake. Na tope bado ni bichi, kwa hiyo ni juzi au jana." Alikuwa akisema polepole, na waliomfahamu walijua kwamba Gaudensia akianza kusema polepole ni heri umkimbie. "Huyo siyo mzembe, Mzee. Mzembe anasahau kumwaga maji. Huyu alikuja kuyamwaga."

"Ndiyo hivyo!" Baltazar alipiga fimbo chini. "Sasa umefika ninapotaka! Ni yule Mswahili wa Dongobesh, Hamis, muuza matunda. Jana saa sita alikuwa hapa na pikapu anataka kununua yaliyolainika kwa bei ya kutupa. Nani alimwambia yamelainika? Amemtumia huyu mwanamke. Wameshirikiana!"

Gaudensia aliandika jina hilo. Kisha akamwomba mwenyekiti akamtafutie maji ya kunawa, na alipobaki peke yake alirudi haraka kwenye kona ya nyuma, akavuta kreti mbili pembeni, akapiga magoti.

Sakafu ya saruji ilikuwa na madoa meusi yanayonata, kama lami. Alijaribu kufuta kwa mate na leso, hayakutoka. Alikwangua kidogo kwa kisu akanusa. Kati ya kreti na ukuta palikuwa na ukanda wa jani kavu, mrefu, uliosokotwa kama kamba. Aliufahamu mara moja. Jani la mgomba. Na madoa ni utomvu wa ndizi, ule ambao ukikushika kwenye nguo utazikwa nao.

Kijiji hiki kiko juu mno, baridi inaua mgomba ukiwa bado mche. Hakuna aliyekuwa na ndizi hapa isipokuwa aliyezileta. Akatia ule ukanda kwenye bahasha, na maji ya kunawa yalipofika alinawa, akashukuru, akawasha pikipiki.

*

Kornelia alikuwa amekaa benchi lile lile, mgongo wima, parachichi limemkaukia kwenye nywele. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mikono mikubwa, macho makavu.

"Shikamoo afande."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Sina njaa. Nina hasira."

"Vizuri. Hasira inakumbuka. Niambie ulivyofanya kila siku."

"Nilimwaga maji saa kumi na mbili asubuhi, saa saba, saa kumi na moja. Bomba likitoka polepole nilibeba ndoo. Asubuhi nafungua mlango kiasi cha kupitisha kichwa, nasoma kipimajoto, nafunga. Daftari ninalo." Alilitoa kifuani. Kumi na tano, kumi na tano, kumi na sita, kumi na tano. "Wanasema nimejiandikia tu nyumbani."

"Huingii mpaka nyuma?"

"Ni marufuku. Mwenyekiti mwenyewe alitufundisha: kila ukiingia unaingiza joto. Mimi nikiambiwa marufuku, ni marufuku."

"Ukipitisha kichwa unaona kona ya nyuma?"

"Nitaonaje? Kreti zimepangwa mpaka kifuani."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mwenyekiti."

"Ijumaa ulikwenda Dongobesh kufanya nini?"

Kornelia alimtazama kama anataka kumpiga. "Soda! Mwenyekiti alikuja kwangu kabla sijamwaga maji, akasema mnunuzi ni mgeni mkubwa, nenda Dongobesh ulete soda, kuta nitazimwagia mimi. Kreti ya soda ilikuwa mapajani kwangu wakati wananirushia. Waulize kama hawakuzinywa!"

"Yeye amesema ulikwenda kutembea."

Kornelia akalirudisha daftari kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Amesema hivyo mwenyewe? Baba Fabiola? Niliyemsimamia mwanawe kipaimara?"

"Ameweka na sahihi."

"Afande, kesho nipeleke kwenye hicho kikao."

"Watakurushia tena."

"Warushe. Nataka anitazame akisema."

*

Hamis alikuwa sokoni Dongobesh, kwenye kibanda chake, anapanga nanasi. Kijana wa Kirangi, ndevu chache, mdomo mwingi. Alipoona sare aliinua mikono juu na kisu kikiwa bado mkononi.

"Sijaiba, sijaua, leseni iko kwa mke wangu."

"Weka kisu chini. Jana ulikwenda kununua maparachichi laini huko juu. Nani alikwambia yamelainika?"

"Dereva wa lori! Alisimama hapa hapa kunywa chai, ameghadhibika, anasema amepanda mlima bure. Nikasema, riziki hiyo. Parachichi laini kwangu ni kachumbari, ni juisi, ni mafuta ya nywele. Afande, dunia nzima inakimbia parachichi laini, mimi nalikimbilia. Hilo nalo kosa?"

"Na ndizi unauza?"

"Nazileta kutoka Magugu kila Jumatatu."

"Jumatatu iliyopita ulipeleka wapi?"

Hamis akafuta kisu kwa kitambaa, taratibu. Mdomo mwingi ulikuwa umepungua.

"Kuna mtu mzima pale sitaki kugombana naye. Ni mteja."

"Kuna mwanamke kwenye benchi langu ana parachichi kichwani. Kesho wanamtenga. Unajua kutengwa, au nikueleze?"

"Najua." Akavuta pumzi. "Mikungu ishirini. Mzee Baltazar ana jubilei ya ndoa Jumapili hii, miaka thelathini, ametangaza mpaka kwa paroko. Akasema zisiive kabla ya siku, zitaoza mapema. Nikamwambia, Mzee, hizi zimeshapigwa moshi wa kuivishia, zimeshaanza safari, haziwezi kusimama. Akasema mimi nina chumba cha baridi kuliko chote Mbulu, wewe zipeleke huko. Nikazishusha ghalani usiku kwa mkono wangu, nyuma kabisa, akazifunika turubai."

"Ukaona maparachichi mle ndani?"

"Nikaona! Nikamwambia, Mzee, usifanye hivi. Ndizi inayoiva inapumua, afande, na ile pumzi yake ikifika kwa tunda jingine, nalo linaivishwa. Mama yangu parachichi likiwa gumu anaweka na ndizi moja kwenye mfuko, siku tatu unakula. Sasa mikungu ishirini, chumba kimefungwa! Unajua alinijibu nini? 'Wewe muuza ndizi wa barabarani, usinifundishe mimi niliyekwenda semina.'"

"Baridi ile haikusaidia?"

"Ilichelewesha tu. Bila baridi yangelainika Jumatano."

"Utayasema haya kesho mbele yake?"

"Watasema Mswahili anamsingizia mzee wa kanisa."

"Watasema. Utakuja?"

Hamis akatupa kisu kwenye beseni. "Kwa yule mama, nitakuja. Alinipa uji siku ile nimeteleza na pikapu."

*

Jumapili misa ilitoka saa tano. Kina mama na khanga zao, wazee na makoti, wote walijipanga mbele ya ghala, na harufu ya kona ya nyuma ilikuwa imeshafika nje. Kornelia alipopanda mteremko akiwa nyuma ya Gaudensia, kundi lilinguruma.

"Unamleta wa nini?" alipiga kelele Modest, jirani yake Kornelia. "Afande, mtoe huyo!"

"Amenilia ada ya watoto!" alisema mama mmoja.

"Tulia, Modest. Juzi mkono wako ulikuwa mwepesi, leo tumia masikio." Gaudensia akasimama mlangoni. "Mzee Baltazar, njoo hapa mbele."

Baltazar alikuja na suti ya jubilei, ua jeupe kifuani. "Afande, kikao hiki ni cha kwetu, si cha polisi."

"Maswali matatu, nakuachia kikao chako. Nani alimtuma Kornelia Dongobesh siku ya Ijumaa?"

"Alijituma."

"Zile soda alizobeba, aliagizwa na nani?"

Watu wakatazamana. Baadhi yao walikuwa wamezinywa.

"Sikumbuki kila kitu."

"La pili. Nani mwingine ana ufunguo wa ghala?"

"Mimi ni mwenyekiti, lazima niwe nao."

"La tatu." Akatoa ule ukanda wa jani kwenye bahasha, akauinua watu wauone. "Hili ni jani la mgomba. Nimelitoa kona ya nyuma, pale yalipoanzia kuoza. Sakafuni kuna utomvu, nendeni mkaone wenyewe. Nani hapa ana mgomba?"

Kila mmoja alikuwa anajua ni wapi leo kuna ndizi, maana walikuwa wamealikwa.

Hamis akatoka nyuma ya pikapu yake. Alisema yote, haraka haraka, jasho likimtoka, na alipofika kwenye semina kuna mtu aliyecheka, kisha akanyamaza ghafla.

"Mswahili huyu—" Baltazar alianza.

"Baba Fabiola." Aliyesema alikuwa Zita, mke wake, amevaa gauni jipya la jubilei. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa aibu. "Ndizi umezihamisha Ijumaa alfajiri, umenipa nizipokee. Zilikuwa baridi kama barafu. Nikakuuliza zimetoka wapi, ukasema Mungu anajua. Usiniongezee dhambi siku ya leo."

Baltazar alitazama fimbo yake.

"Sikujua," alisema mwishowe. "Nilifikiri baridi ni baridi, itatunza vyote. Ijumaa nimeingia kutoa ndizi, nikaminya parachichi... nikaona nimeua kijiji."

"Kutojua mahakama haina shida nako," alisema Gaudensia, na sauti yake sasa ilikuwa juu, ilifika mpaka barabarani. "Ungesimama hapa ukasema, jamani nimekosea, wangekutukana siku mbili wakachoka. Wewe ulimtuma mwanamke soda! Ukamwaga maji ya tanki, ukaacha kuta zikauke, ukasimama unatazama wanampiga! Na juzi umeniwekea sahihi juu ya uongo. Kwa sahihi hiyo unakwenda na mimi."

Ndipo kundi lilipolipuka. Jiwe la kwanza lilipita juu ya kofia ya Gaudensia likagonga simtanki. "Atengwe yeye!" "Atengwe na nyumba yake!" Modest ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Gaudensia alimsukuma mzee ndani ya pikapu ya Hamis, akapanda pembeni yake, akageuza uso kwa watu. "Atakayerusha la pili namfunga na yeye."

Wakashusha mikono. Halafu, kwa vile hawakuwa na la kufanya na hasira yao, waligeuka kumtafuta Kornelia.

Konsolata, bibi mkubwa kuliko wote pale, ndiye aliyemkaribia, mkononi ana ufunguo wa ghala waliomnyang'anya Ijumaa. "Mwanangu, tumekosa. Shetani ametupitia. Chukua ufunguo, endelea na kazi yako."

Kornelia hakuupokea.

"Shetani sikumwona Ijumaa, bibi. Nilikuona wewe. Ulikuwa na maparachichi mawili, moja kila mkono."

"Kornelia..."

"Leo mlikuja kunitenga. Kikao kiko pale pale, msikivunje. Ila mimi ndiye ninayewatenga. Msinisalimie. Siku nikiweza kuwaitikia nitawaambia."

Akafunga khanga kiunoni, akashuka njia akipita katikati yao, wazee kulia, wazee kushoto, na hakumwamkia hata mmoja. Mtu wa kule anajua hilo ni jambo gani. Mzee wa kwanza alikohoa. Wa pili akavua kofia. Kisha Modest, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, akasema kwa sauti ndogo, "Habari ya asubuhi, mama Kornelia," akasubiri, na Kornelia akaendelea kushuka.